Mafundi wa chokaa walionipigia lipu Sokomuhogo: nyota nne

Nawaandikia wenye nyumba za Mji Mkongwe, hasa nyinyi mnaotaka kumwita mtu wa saruji. Msimwite. Mimi nilimwita.

Ukuta wa chini wa nyumba ya marehemu bibi yangu ulikuwa ukibanduka. Kontrakta mmoja akaupiga lipu ya saruji kwa siku mbili, ukang'ara kama sahani. Masika ya pili ukafura, ukatoa chumvi, lipu ikaanguka mapande mapande na vipande vya jiwe vimeganda kwa nyuma.

Safari hii nikapata mzee na vijana wake wawili, wao na chokaa tu. Mzee hakuanza na futi. Alitoa msumari, akachokoa ukuta, akaonja ule unga kwa ncha ya ulimi. "Mwanangu, jiwe hili la baharini, unyevu haulitoki. Ukishaliziba kwa saruji, maji yatapitia wapi?"

Chokaa yao ilikuwa imeshalowekwa mapipani, laini kama mtindi. Wakaichanganya na mchanga na udongo mwekundu kidogo, wakapiga tabaka moja, wakangoja; magunia mabichi ukutani asubuhi na jioni, ndipo tabaka jingine. Wiki tano! Na bei karibu mara mbili ya yule wa saruji.

Lakini walifanya chumba kimoja kimoja, nasi tukaishi juu bila kuhama. Huko juu wakakuta boriti mbili za mikoko zimeoza vichwa pale zinapoingia ukutani. Wakabadilisha hizo mbili tu. Wapo ambao wangeniambia nibomoe dari yote nimwage zege, na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kale hapa Mji Mkongwe, iporomoke ile Desemba 2020, mimi uzito juu ya kuta hizi sitaki hata kuusikia.

Nyota ya tano wameipoteza mlangoni. Waliurushia chokaa mlango wa nakshi, nikaukwangua mwenyewe kwa mswaki, ua baada ya ua. Na wakikuahidi kurudi Ijumaa baada ya sala, usiwangoje.

Masika imepita. Ukuta hutota kidogo kwa chini, siku mbili umekauka, haujafura popote. Jirani wa upande wa msikitini keshakuja kuchukua namba ya mzee. Nimempa, na gunia la kufunikia mlango wake nimempa pia.