Pona au nona? Seti mbili za spika ndani ya kanisa la mabati

Sikizeni kwanza. Pa! Mmesikia? Nimepiga kofi moja tu, na ukumbi umelizungusha kwenye mabati karibu sekunde mbili kabla halijafa. Niko Kayole, ndani ya kanisa la urefu wa mita 24 na upana wa mita 12, sakafu ya simiti, viti 250 vya plastiki vimepandana pale kwenye kona. Hapa ndipo tunajaribu seti mbili za vyombo leo, na bado sijagusa waya hata mmoja.

Bwana asifiwe, wapendwa. Na nyinyi wa misikiti na wa shule mnaonifuata, hamjambo, haya yanawahusu pia.

Wazee wa kanisa hili wamefanya harambee ya vyombo. Pesa iko. Kamati ya watu watano ilizunguka Luthuli Avenue siku nzima ikiuliza swali moja kila duka: "Hii ina wati ngapi?" Walirudi na picha kumi na nne kwenye simu na miguu imevimba. Usiku mweka hazina akanipigia: "Fundi, kuna seti ya wati 3,000 na kuna spika ya 1,300, na hiyo ya 1,300 ndiyo ghali. Huyu si anataka kutuibia?"

Hapana, mzee wangu. Ni kibandiko kinakuchezea. Kuna wati za kuruka, ile nguvu ambayo spika inaweza kuipata kwa kufumba na kufumbua, na kuna wati za kazi, zile inazobeba tangu ibada ya kwanza mpaka ya pili bila kuungua. Hii hapa, JBL EON712, imeandikwa 1,300, na watengenezaji wenyewe wanasema 650 ndizo za kazi. Sasa njooni mwone ile ampu ya 3,000, yaani chombo kinachosukuma spika za ile seti. Naigeuza. Fyuzi hii, kamera isogee, imeandikwa ampea 5. Stima yetu ni volti 240. Mara 5, unapata 1,200. Hizo nyingine zinatoka wapi, kwa maombi?

Na hata zingekuwa za kweli, ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu, na desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Mtu aliyekaa kwenye kiti atasema, "Eh, imepanda kidogo." Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu unahitaji nguvu mara kumi hivi. Ndiyo maana swali la wati huwa silijibu kwenye simu.

Basi tufanye jaribio. Nimemwomba shosho mmoja wa hapa kanisani akae kiti chake cha kila Jumapili, cha mwisho kabisa, karibu na mlango. Ana karatasi, ana miwani, kalamu yangu ameikataa, ametoa yake. Mimi nitasimama mimbarini na kusoma maneno 20 kwa sauti ya kawaida ya mahubiri: pona, nona, kona, shona, tona, soma, koma, choma, homa, ngoma, na mengine ya ukoo huohuo. Yeye aandike alichosikia. Vipimo vya simu ninavyo, lakini mshirika haji kanisani kusikia desibeli.

Seti ya kwanza ni masanduku manne makubwa, kila moja lina spika mbili za inchi 15, yanasukumwa na hiyo ampu. Kampuni siitaji. Nimeyapanga chini pembeni mwa madhabahu, mawili huku, mawili kule, kama yanavyopangwa makanisa mengi. Sauti ni kubwa, siwadanganyi. Besi inaingia kifuani, madirisha yanatetemeka, vijana wa kinanda wanatabasamu. Halafu shosho akaniletea karatasi.

Kumi na moja kwa 20. Oneni hapa: nilisema "pona", ameandika "nona". Hapa nilisema "koma", ameandika "homa". Na hapa ameandika "sadaka", neno ambalo halikuwa kwenye orodha kabisa. Nikamwuliza. Akanijibu, "Hapo nilikisia, kijana wangu. Mara nyingi huwa ni hilo."

Nimecheka, lakini fikiria mchungaji anamwombea mgonjwa, anapaza sauti "Pona!", na watu wa nyuma wanaitikia amina kwa kunona.

Kinachotokea ni hiki. "Pona" na "nona" zina "ona" ileile, na hiyo "ona" ndiyo yenye sauti nene na nguvu. Tofauti yote iko kwenye ile "p" ndogo mwanzoni, pumzi tu. Herufi za namna hiyo, p, t, k, s, sh, nyingi zinajulikana kwa sauti nyembamba za kuanzia hezi 2,000 hadi 4,000 na zaidi (hezi ni mitetemo kwa sekunde). Ni nyepesi, na zikikutana na migongo ya watu zinaishia hapo. Sanduku likiwa chini, safu tatu za kwanza zinazila zote. Kule nyuma inafika besi, na besi ikigonga mabati na simiti inabaki hewani, inalifunika neno linalofuata kabla halijafika.

Seti ya pili. EON712 mbili tu, za inchi 12, ampu iko ndani. Kwanza nikaziweka chini palepale, ili nisipendelee upande. Shosho akapata 14. Nikazipandisha juu ya stendi, karibu mita mbili na nusu, mbele ya mimbari ili zisiangalie maiki, nikaziinamisha kidogo ziangalie theluthi ya mwisho ya ukumbi. Spika zilezile, sauti ileile, sijagusa kitufe. 18. Yaani maneno manne yamenunuliwa na stendi.

Hiyo ndiyo sababu nawaambia watu stendi si nyongeza ya kuomba mwishoni. Pale Kamukunji mafundi wa chuma wanakutengenezea mabano ya ukutani mazuri, ila boriti za mabati usizitegemee. Toboa nguzo, funga kwa bolti inayopita upande wa pili. Chini ya hiyo spika kutakuwa na mtoto wa mtu.

Je, nimeikataa seti ya kwanza kabisa? Hapana. Kama kanisa lenu linafanya mikutano ya injili uwanjani, nje hakuna ukuta wa kurudisha besi, na sauti inapungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu. Huko ukubwa unasaidia. Halafu ampu ikiungua unaibeba peke yake hadi River Road, unaazima nyingine, ibada inaendelea. EON ikiungua ampu ya ndani, spika nzima imelala. Na hizi zina Bluetooth, ambayo mimi kwa kanisa naiona mtego. Kwenye kesha moja nilisahau kuizima, simu ya kijana fulani ikajiunga, na katikati ya maombi ya toba tukapata rumba. Nzuri, lakini rumba.

Mikisa, ile meza inayochanganya sauti za maiki zote. Wazee walikuwa wamechagua Yamaha MG12XU, ambayo naipenda sana, nikawaambia tuhesabu midomo. Mchungaji mmoja. Mkalimani wa pili. Wasifishaji watatu, hao watano. Kwaya, maiki mbili, saba. MG12XU ina matundu 6 ya maiki. Tumeishia kwa MG16XU, ina 10, kwa hiyo mgeni akija hatuchomoi mtu. Angalieni kitufe hiki kidogo kwenye kila laini, kimeandikwa 80. Kinakata kila kitu kilicho chini ya hezi 80: vishindo vya jukwaa, pumzi ya mchungaji, kugongwa kwa stendi. Kwenye maiki za kusemea kibonyeze, kisha kisahau. Nikikuta kimeachwa juu kwenye laini zote najua hapa hakuna mtu aliyewahi kufundishwa.

Wengine mtaniuliza kuhusu mikisa ya XR18 ya Behringer. Ina nafasi 16 za maiki na unaiendesha kwa tableti, fundi anakaa katikati ya watu anasikia wanachosikia. Ni chombo kizuri. Lakini makanisa yetu kijana anayeijua huwa ni mmoja, na kijana huyo akipata nafasi ya chuo Eldoret, kanisa linabaki na sanduku jeusi lisilo na kidude cha kusukuma. Kama mnao watatu wa kujifunza, chukueni. Kama ni mmoja, bado.

Maiki sasa, na hapa nina kidonda. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966, na inaigwa sana. Miaka michache iliyopita nilinunua nne mjini, duka silitaji, boksi safi, kitabu ndani, hata harufu ya upya. Jumapili sauti ikatoka kama mtu ameweka kikombe mdomoni. Jumatatu nikaenda kwa jirani yangu muuza nyama, nikamwomba mizani. SM58 halisi ni gramu 298. Zangu ziliishia 230 na kidogo. Muuza nyama akaniambia, "Umeuziwa mifupa." Tangu siku hiyo nina mizani ndogo ya jikoni kwenye begi, na mwenye duka akikataa nipime, naondoka. Uzito ukiwa sawa bado haitoshi kuthibitisha, lakini uzito ukikosea, usibishane.

Za bila waya, soma masafa yaliyoandikwa kabla ya kulipa. Zilizoandikwa 700 na kitu au 800 na kitu megahezi ziache dukani, hata wakikupunguzia bei. Huko ndiko simu za 4G zimehamia, na ukumbi ukijaa watu 250 wenye simu mfukoni, maiki yako itakatika kwenye aya tamu.

Na mwimbaji anayeishika maiki kwa kuifunika kichwa kama mtu wa rap, mwambie kwa upole. Ile wavu ikizibwa maiki inaanza kusikia pande zote, spika inaisikia, mluzi unaanza, na lawama inaenda kwa fundi.

Stima niipitie haraka. Mikisa na spika zichukue umeme laini moja, vinginevyo mtapata mngurumo usioisha. Pini ya ethi, ile ya waya wa ardhi, msiikate kamwe, hata kama fundi wa mtaa ameapa kuwa ndiyo dawa. Hiyo ndiyo inayokulinda ukishika maiki. Washa mikisa kwanza, spika mwisho. Ukizima, spika kwanza. Nunueni kilinda stima, maana mnajua hali ya mtaa ikirudi ghafla.

Sasa lile lililonifurahisha kuliko yote leo. Baada ya 18 niliona maneno mawili bado yananikimbia, na nikajua spika haina kosa tena. Tukaenda Gikomba. Mapazia mazito ya mitumba, yale ya velveti, na mablanketi machache. Tumeyatundika ukuta wote wa nyuma, yenye mikunjo, umbali wa kiganja kutoka kwenye bati. Bei yake jumla haifiki hata stendi moja. Shosho akarudi kitini, akachukua karatasi mpya. 19. Lililobaki ni "tona", ameandika "kona", na kwa hilo mimi simlaumu. Mvua ikinyesha juu ya mabati ni habari nyingine, hapo hakuna spika itakayokuokoa, mchungaji aimbishe wimbo mngoje ipungue, au mfanye harambee ya dari.

Lakini mapazia hayo msidhani yanamzuilia jirani kelele. Kuta hizi zimepakana na ghorofa, watoto wanalala upande ule. Kanuni za kelele za 2009, zile NEMA, mamlaka ya mazingira, inazisimamia, zinataka eneo la makazi nje lisizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili. Desibeli 35 ni kama watu wananong'onezana. Kwa hiyo kesha la vyombo vyote wazi, tusidanganyane, linavunja sheria. Usiku zimeni spika kubwa, watu sogeeni mbele, ombeni kwa koo mliyopewa.

Mkiniuliza pesa igawanywe vipi, mimi kwa kila shilingi 100 ningeweka 45 kwa spika na stendi, 20 mikisa, 20 maiki na nyaya, 5 mapazia, na 10 zilizobaki kumlipia mtu wa hapa ndani afundishwe. Wazee huwa wanaifuta hiyo 10 kwanza. Leo mweka hazina hajaifuta, nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Niandikieni urefu, upana, paa la nini na watu wangapi, nami nitajibu. Kabla sijafungua hivi vyombo, sikizeni tena. Pa! Naona kwaya imefika, wanataka maiki zao.