TAHADHARI: Anakuuzia waifai ya USB ya mtumba, halafu anakuuzia "draiva" yake

Wakuu, salamu. Nina stesheni ndogo huku Mbagala: kopi, kuprinti, kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa HESLB na ya Ajira Portal. Kompyuta zangu ni za mezani, za mtumba, na nyingi za aina hiyo hazina waifai ndani. Ndipo nilipopatikana.

Kuna jamaa anatangaza kwenye magrupu ya WhatsApp vifaa vya waifai vya kuchomeka kwenye USB, vile vyenye antena. Havina boksi wala jina, maandishi ya mgongoni yamefutika, kimebaki kibandiko tu cha "1200 Mbps". Bei elfu kumi na tano. Haonani na mteja, anatuma bodaboda, na unalipa mzigo ukishaushika mkononi. Hapo roho ikatulia, maana tapeli niliyemzoea ni yule anayetaka hela kwanza.

Nikachomeka. Kompyuta ikatoa ule mlio wake, kisha kimya: ilikosa draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Nikampigia.

"Bosi wangu, hicho hakina jina, kwa hiyo draiva yake huipati popote mtandaoni. Ninayo mimi tu. Nirushie elfu kumi nikutumie sasa hivi."

Nikarusha. Likaja faili la zipu lililofungwa kwa neno la siri 1234, pamoja na maelekezo: zima antivairasi kwanza, eti inazisumbua draiva za Kichina. Nikazima. Najua, msinipige mawe, foleni ya wateja ilikuwa imefika mlangoni.

Na waifai ikawaka! Hilo ndilo lililonimaliza. Ndani ya lile faili kulikuwa na draiva ya kweli, na pembeni yake mgeni ambaye sikumwalika. Siku ya tatu barua pepe yangu ikaniarifu kwamba kuna mtu ameingia kwa kifaa nisichokijua. Jioni simu zikaanza: "Kaka, umekwama wapi? Mbona unaomba laki mbili Facebook?" Nilipowasha antivairasi upya, ikakamata programu ya kukomba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Jirani yangu wa mtaa wa pili, naye ana stesheni, alinunua kwa mtu huyohuyo, akatumiwa faili lilelile, na yaliyomkuta ni yaleyale. Hapo hebu fikirieni ni wateja wangapi wamefungua akaunti zao kwenye mashine zetu mbili, na wangapi kompyuta ilipowauliza kama ihifadhi neno la siri walibofya ndiyo.

Ile zipu haikufungwa kwa ajili ya usalama wako. Faili likiwa limefungwa kwa neno la siri, antivairasi haiwezi kuchungulia ndani mpaka wewe mwenyewe ulifungue, na ukilifungua umeshaambiwa uwe umeizima.

Na uongo wenyewe uko kwenye "hakina jina". Kifaa cha USB hata kikifutwa maandishi yote, kikichomekwa kinajitambulisha kwa kompyuta kwa namba mbili, ya kampuni na ya bidhaa, hata kama draiva haipo. Fungua Device Manager (orodha ya vifaa iliyomo ndani ya Windows), tafuta chenye alama ya njano, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, kisha Details, halafu chagua Hardware Ids. Changu kilisema VID_148F na PID_7601. Namba 148F ni ya Ralink, kampuni iliyochukuliwa na MediaTek mwaka 2011, na 7601 ni chipu ya MT7601. Ingeanza na 0BDA ingekuwa ya Realtek. Chipu hiyo ya MT7601 inashika masafa ya 2.4 GHz peke yake na mwisho wake ni 150 Mbps, kwa hiyo kile kibandiko kilinidanganya mara nane.

Ukishazijua namba hizo, draiva ni ya bure. Nenda Microsoft Update Catalog, andika VID_148F&PID_7601 (au namba zako), pakua. Kama kompyuta haina intaneti kabisa, chomeka simu ya Android kwa waya, washa kushea intaneti kwa USB, na mara nyingi Windows itaitafuta draiva yenyewe. Ukikuta 0BDA na 1A2B usishtuke, hicho kinajifanya CD kwanza. Ifungue hiyo CD uone kilichomo.

Draiva iliyofunguliwa huwa na mafaili ya .inf, .sys na .cat. Lifungue lile la .inf kwa Notepad, tafuta namba ya bidhaa yako. Isipokuwemo, hiyo si yako. Ukipewa .exe moja tupu inayodai antivairasi izimwe, futa. Na zile programu zinazojinadi kutafuta "draiva zote" kisha zinadai malipo, mimi naziweka kapu moja na huyu jamaa.

Kama umeshaweka faili lake, chomoa intaneti kwenye hiyo kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Badili maneno ya siri kwa kutumia simu, usiyabadili kwenye mashine hiyo, anza na barua pepe, kisha toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Mimi niliipiga Windows upya kwa flashi niliyoiandaa kwenye kompyuta nyingine, nikapoteza siku nzima ya kazi. Namba ya simu waliyoambiwa rafiki zangu waitumie hela nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Wateja nawapigia mmoja mmoja kuwaambia wabadili maneno yao ya siri. Kuna mama mmoja amenijibu kwamba harudi tena kwangu, na sina la kumjibu.

Jina la huyu jamaa na picha ya WhatsApp hubadilika kila baada ya wiki, kwa hiyo msimtafute kwa sura. Mtamjua kwa mambo matatu: hakubali kifaa kijaribiwe kwenye kompyuta yako yeye akiwepo, draiva hatumi mpaka umeshalipia kifaa, na zipu yake ina neno la siri. Jana ametangaza printa na skana za mtumba zisizo na jina. Chini ameandika: "Draiva zote ninazo."