Darasa la maumivu sugu Kinondoni: huduma nzuri, makofi yamezidi

Kliniki hii ndogo ya fiziotherapia iliyoko Kinondoni, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa nina ya kuilaumu, ina huduma ambayo si rahisi kuipata Dar es Salaam: darasa la kila wiki kwa watu wenye maumivu sugu, yaani yale yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Wengi wanaofika hapo wamekwisha kupiga eksirei na kumeza diklofenaki hadi tumbo likawaka moto, kisha wakaambiwa kwamba hakuna kinachoonekana. Hapa wanapokelewa kama wagonjwa, si kama watu wanaojisingizia.

Kila anayeingia hupewa karatasi yenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma, pamoja na kalamu nyekundu ya kutia alama panapouma. Chini ya mchoro kuna mstari wa sifuri hadi kumi wa kupimia maumivu, na chini yake mwingine unaofanana nao kabisa, wa kupimia msongo wa mawazo. Siku niliyohudhuria, mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo alikuwa ameweka nane juu na tisa chini.

“Shikamoo mama,” alisema mtaalamu. “Wiki hii kimekukosesha usingizi nini?”

“Marahaba. Kodi ya fremu, mwanangu. Mwenye fremu anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo.”

Kutokana na jibu hilo mtaalamu alijenga somo zima, na alilijenga vizuri. Alieleza kwamba wasiwasi ukidumu, mwili huendelea kutoa homoni za tahadhari kama kotisoli, misuli ya shingo na kiuno hukaza, usingizi hukatika, na mfumo wa fahamu huwa mwepesi zaidi wa kupokea ishara za maumivu. Aligusia pia nadharia ya lango ya watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall ya mwaka 1965, inayosema kwamba ishara hizo zaweza kuzuiwa au kuachiwa zinapopita kwenye uti wa mgongo, na kwamba ubongo nao una kauli katika jambo hilo. Alirudia mara kadhaa kwamba maumivu ya mtu mwenye mawazo mengi ni maumivu ya kweli, na niliona mabega ya wengi yakishuka.

Kijitabu cha darasa kimenipa mashaka zaidi. Kinategemea tafiti za Wamarekani weusi, ikiwemo hoja aliyoitoa mtafiti Arline Geronimus mwaka 1992 kwamba dhiki ya muda mrefu huuchakaza mwili kabla ya wakati, lakini kimeandikwa kana kwamba ngozi ndiyo chanzo. Sivyo. Kinachoumiza kule ni namna watu wanavyotendewa kwa sababu ya rangi yao, hata hospitalini: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba takriban nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wazungu waliokuwa mafunzoni waliohojiwa waliamini angalau dai moja la uongo, kama vile kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi, na walioamini hivyo waliyakadiria maumivu ya mweusi kuwa madogo kuliko ya mzungu. Mama wa Kariakoo hatibiwi na daktari mzungu. Mzigo wake ni kodi ya fremu na ada za shule, na kijitabu kilipaswa kuanzia hapo.

Halafu yakaja makofi, mtaalamu akimsifu yule mama mbele ya darasa. “Mnamwona mama yetu? Anaumwa, na bado yupo dukani tangu alfajiri. Huo ndio ustahimilivu!” Ni kweli kwamba mwenye matumaini na mwenye watu wa kumshika mkono mara nyingi huyamudu maumivu vizuri zaidi. Hata hivyo, kupambana peke yako bila nyenzo ni jambo jingine. Mtafiti Sherman James, aliyeanza kuandika kuhusu suala hili miaka ya 1980 akiwachunguza Wamarekani weusi, aliliita kwa jina la John Henry, mpasua miamba wa hadithi aliyeishinda mashine kisha akafa, kwa kuwa aliona shinikizo la damu likiwa juu zaidi kwa watu waliojituma sana huku kipato na elimu vikiwa haba. Yeye alipima shinikizo la damu, si maumivu ya mgongo, lakini onyo lake linalihusu darasa hili: yule mama alistahili kuulizwa ni nani angeweza kumbebea robota la vitenge, na hakuna aliyemuuliza.

Mengine ni madogo. Darasa huanza saa nane mchana, saa ambayo mfanyabiashara hawezi kufunga duka, na chumba kiko ghorofa ya pili bila lifti, jambo la ajabu kwa kliniki ya magoti. Mwenye magoti mabovu awapigie simu kabla ya kwenda, kwani mtaalamu hushuka kumhudumia chini anayeomba, ingawa hakuna tangazo lolote linalosema hivyo.