Ndugu anarudi kutoka ng'ambo wakati wa janga la UVIKO-19: ajitenge nyumbani au hotelini?

Kwa gharama, nyumbani kunashinda: hulipii chumba kwa siku 14, muda ambao dalili za UVIKO-19 zinaweza kuchelewa kujitokeza baada ya mtu kuambukizwa. Ila awe na chumba chake chenye dirisha la kufunguka nje. Choo kikiwa kimoja, aoge wa mwisho, dirisha libaki wazi, kisha bomba, kitasa na swichi vifutwe: kipimo 1 cha dawa ya klorini ya asilimia 5 kwa vipimo 49 vya maji. Usiichanganye kamwe na siki. Hutoa gesi ya sumu.

Udhaifu wa nyumbani ni mazoea. Sahani iwekwe kwenye kiti nje ya mlango, aliyeileta aondoke, ndipo mlango ufunguliwe. Siku ya tatu hajakohoa, basi anaitwa sebuleni. Tafadhali msifanye hivyo! Mtu huweza kuambukiza siku 2 kabla ya dalili.

Hotelini umbali unalindwa kwa urahisi zaidi, na choo ni chake. Tatizo ni hewa: milango miwili inayotazamana ikifunguliwa pamoja, hewa ya chumba kimoja huingia kingine. Ulizeni pia kama kiyoyozi ni cha chumba kimoja au cha jengo zima. Na upweke ni mzito, mpigieni simu kila siku.

Nyumbani kukiwa na mzee au mwenye kisukari na choo kimoja, ningejikamua nilipie hoteli. Anayerudi akiwa ndiye anayehitaji kuuguzwa, chumba cha nyumbani kinamfaa zaidi, na mhudumu awe mmoja tu, mwenye barakoa.