Uzoefu wangu: Kununua gari New Hampshire wakati unakaa Maine, na ile stori ya "huku hakuna kodi"

Wadau, natoa nyota 4 kati ya 5 kwa yadi niliyonunulia gari kule Portsmouth, New Hampshire, jimbo la jirani na letu la Maine hapa Marekani, jina sitaji kwasababu sitaki mtu anijie inbox kuuliza nalipwa kamisheni shingapi. Gari ni Subaru Forester, iko poa, mama watoto kaikubali, na juisi ishamwagwa siti ya nyuma kwahiyo sasa ni yetu rasmi. Ila nataka kuongelea kodi maana ndo kila mtu ananiuliza, hasa ndugu zetu waliofika Lewiston na Portland huku Maine juzi juzi kutoka kambi ya Nyarugusu na kwingineko, wakisikia New Hampshire hakuna kodi ya mauzo wanajua ukishavuka lile daraja la mto Piscataqua la kutoka Maine basi umeponyoka.

Ni kweli hawana. New Hampshire, Oregon, Montana, Delaware na Alaska, hayo matano hayana kodi ya mauzo ya jimbo zima. Yule kijana wa mauzo alikua anairudia hiyo kama wimbo, hakuna kodi bro, hakuna kodi, na wala hadanganyi, yeye hakukati hata senti. Asichosema ni kwamba kodi ya gari inadaiwa kule unakoenda kuisajili. Maine ni asilimia 5.5 na utailipa kaunta ya siti holi siku unafuata pleti namba, kwenye fomu inaitwa kodi ya matumizi lakini kiwango ni kilekile. Mi nilienda najua hilo, nilichofuata kule ni bei, Forester ya mwaka huohuo na mileji za kukaribiana huku kwetu walikua wanataka zaidi ya elfu moja juu. Nikalala chini na tochi ya simu nikaangalia uvungu wote maana chumvi ya barabarani huku inakula vyuma vibaya mno, nikakuta kutu kidogo tu kwenye bomba la moshi, nikasema hapa tunaongea.

Sasa hesabu. Bei 19,000, Corolla yangu ya kizamani wakaichukua kwa 3,000, nikabaki na 16,000 ya kulipa. Fomu ya Maine ina sehemu ya kuandika gari uliyowaachia na kodi inapigwa kwenye kinachobaki, kwahiyo 5.5 ya 16,000 ni dola 880. Angalia sana hapa, mkataba wa kwanza walioniletea ulionyesha 19,000 tupu na Corolla wameiweka kwenye karatasi nyingine huko pembeni, nikawaambia hapana, hiyo 3,000 iandikwe humuhumu, kwasababu bila hivyo kaunta hawana cha kuona na 5.5 ya 3,000 ni dola 165, hiyo ni unga na sombe ya mwezi pale dukani kwetu. Wakachapa upya, dakika mbili tu.

Juu ya hiyo kuna kodi ya jiji, excise, ambayo ni kitu tofauti kabisa na watu wanaichanganya kila siku. Hii hawaangalii umenunua shingapi, wanaangalia bei ya gari ilipotoka kiwandani ikiwa mpya, kwahiyo hata upewe bure na mjomba utailipa. Yangu mpya ilikua 30,000 na iko mwaka wa tano, ambao ni dola 6.50 kwa kila elfu, ikaja 195. Gari mpya kabisa ni 24 kwa kila elfu, kuanzia mwaka wa sita ni 4, halafu inabaki hapohapo. Nikaweka na 33 ya hati ya umiliki na 35 ya usajili, ndo zilikua ada siku hiyo, jumla ikaja 1,143 na vijisenti vya huduma.

Na hizo hela lazima uwe nazo mkononi, hapo ndo watu wanaumia. Ukinunua yadi ya Maine wanakukata kodi palepale na mara nyingi inaingizwa kwenye mkopo, hata huisikii. Ukitoka New Hampshire mkopo umelipa gari tu, umefungiwa pleti za muda za siku 20, na ndani ya hizo siku upate elfu moja na kitu. Jamaa aliyekua mbele yangu kwenye foleni alitajiwa yake akanyamaza, akatoka pembeni akaanza kumpigia shemeji yake amrushie Cash App. Nilimuonea huruma kwakweli, bima alikua ashalipia na wiki ilikua ya kodi ya nyumba.

Ukinunua Massachusetts na wakakukata ile kodi yao ya asilimia 6.25, tunza risiti, Maine hawakudai tena, ila ile iliyozidi hairudi. Na zile akili za kuandika bei ndogo kwenye karatasi ya mauziano achaneni nazo, unasaini fomu ya serikali hapo, na sisi wengine makaratasi yetu ya ukaazi bado yako mezani kwa watu. Binamu yangu yuko Texas anasema kwao ukinunua kwa mtu binafsi serikali ina thamani yake sanifu ya gari, ukiandika chini ya asilimia 80 ya hiyo wanakukata kwenye hiyo 80, wewe andika hata dola mia.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya "ada ya makaratasi", mia nne na kitu, ambayo haikutajwa popote mpaka kalamu iko mkononi. Nikauliza makaratasi gani hayo ya dola mia nne, akacheka, akaenda kwa bosi wake, akarudi kapunguza mia. Ukienda kwao waambie wakuandikie bei ya mwisho na kila kitu ndani kabla hujawapa funguo za gari yako ya zamani, maana mi zangu walikua washaziweka kwenye droo.