DAGitty: hodari wa kuchora visababishi, si wa kuvigundua

Unataka kujua kama mkopo wa SACCO huongeza mavuno ya kahawa Masaka? DAGitty, programu ya kuchora nini husababisha nini, ni ya bure, inafanya kazi ndani ya kivinjari, na unaweza kuipakua ili isikumalizie bando.

Bofya sehemu tupu kuongeza kigezo, yaani kitu kinachobadilika kama Mkopo au Mavuno. Bofya kimoja kisha kingine, mshale unajichora. Weka kipanya juu ya Mkopo, bonyeza E (kisababishi unachokichunguza). Juu ya Mavuno, bonyeza O (matokeo). Ongeza Ukubwa wa shamba, wenye mishale kwenda kwa vyote viwili, na programu itakuambia kwamba kigezo hicho unapaswa kukidhibiti, yaani kulinganisha wakulima wenye mashamba ya ukubwa sawa.

Wengi huharibu hapa: wanadhibiti pia Mbolea, iliyonunuliwa kwa mkopo huohuo. Umeziba njia ambayo pesa hupitia kufika shambani, halafu unatangaza kwamba mkopo hausaidii! Baya zaidi ni kuwahoji tu waliobaki kwenye ushirika, ilhali mkopo na mavuno ndivyo vinavyoamua nani abaki. Hapo uhusiano wa uongo huzaliwa.

DAGitty haikubali mizunguko, yaani mishale inayorudi ilikoanzia. Bei na upanzi huathiriana, basi vigawe kwa miaka: Bei 2023, Upanzi 2024. Ukubwa wa athari utaukadiria kwenye programu za takwimu kama R au Stata.

Mishale ni yako, na mwanafalsafa Nancy Cartwright alishasisitiza mwaka 1989 kwamba visababishi visipoingia, havitoki: usipoanza na dhana kuhusu visababishi, data peke yake haitakupa. Afadhali kidirisha cha kulia kinaorodhesha vigezo ambavyo, kwa mchoro wako, havipaswi kuhusiana. Vikihusiana kwenye data, rekebisha mchoro kabla ya kukadiria chochote.