Kuhama kozi chuo huku Unguja: sheria naipa nyota nne, madirisha nayapa mbili

Asalaam alaykum jamani. Watu wanaandika maoni ya hoteli, ya mabando, ya boti, lakini huduma hii ya kuhama kozi chuoni sijaona mtu kaiandika, na ndo inayoamua mtoto asome kitu gani miaka mitatu mizima na baadae aombe kazi gani. Msimu huu nimemsimamia mdogo wangu wa kike, katokea Pemba, fom six kafanya EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabati), akachaguliwa Uhasibu kwenye chuo kimoja huku Unguja, jina la chuo naliacha, na yeye roho yake yote iko kwenye kompyuta. Alhamdulillah kahamia. Lakini kuna wenzake ambao walikuwa na sifa kama zake na wamebakia walipo, na mie nilivoona sababu ni huduma zaidi kuliko sheria, kwa hivo hapa navitenganisha vitu viwili, sheria na huduma ya madirisha ya ofisi.

Naanza na sheria maana hapo ndo watu wanapotukana bure. Wengi wanadhani kuhama kozi ni jambo la wewe na mkuu wa idara, mkikubaliana ofisini basi. Sio hivo. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 wanafunzi wanaomba moja kwa moja vyuoni, ule mfumo wa zamani wa kuombea pamoja uliondoka, lakini majina ya waliochaguliwa bado yanakwenda TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, na huku Zanzibar vyuo vyetu viko chini ya tume hiyohiyo. Jina lako liko kule na kozi yako pembeni yake. Ukihama, ile kozi pembeni ya jina lazima ibadilike kule kule pia. Ukihama kwa mdomo unaweza ukakaa darasa la aiti, yani kompyuta, muhula mzima, ukafanya na testi, na huko juu wewe bado ni mtu wa Uhasibu, siku ya matokeo ndo unajua. Kwa hivo ule mlolongo wa fomu una maana yake, na mie nnautetea.

Masharti yenyewe hayajifichi. Uwe na sifa za kuingilia kozi unayoitaka, sio ile uliyopo. Kozi hiyo iwe bado ina nafasi. Na uombe ndani ya muda uliotangazwa, ambao kwa kawaida ni zile wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza baada ya udahili kufungwa. Hayo matatu ndo roho ya jambo, mengine ni karatasi.

Kwenye sifa ndo watu wanaumia sana. Kiwango cha jumla kwa waliomaliza fom six ni prinsipo mbili, yani masomo mawili uliyopasi kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4, na pointi zinahesabiwa A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mtu anaona ana pointi 8 anasema mie naingia popote. Pointi 8 za masomo gani? Kila kozi ina mistari yake kwenye kile kitabu cha mwongozo ambacho TCU wanakitoa kila mwaka, na mistari ile inataja masomo kwa majina. Udaktari wanataka prinsipo tatu, Fizikia, Kemia na Bayolojia, huwezi kuwapelekea Jiografia hata iwe A. Kozi za kompyuta wanaangalia hesabati, kama hukusoma hesabati ya advansi (ya fom six) wanarudi mpaka cheti chako cha fom foo kuona ulipata nini. Mdogo wangu EGM ile M ndo ilomuokoa. Mwenzake wa chumba kimoja kasoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), ana pointi kumshinda huyu wetu, naye alitaka aiti, hakuweza, na sio kwamba kaonewa, hesabati hana kokote. Mtoto alilia siku ile na mie niliumia nae lakini siwezi kusema sheria ni mbaya, kozi yenyewe mwaka wa kwanza tu ni hesabati mtindo mmoja, angeingia akaenda kudisko, yani kuondoshwa kwa kufeli, huko ndani ingekuwa kheri gani?

Waliotokea diploma nao wana mistari yao, hapo inaangaliwa GPA (wastani wa alama) na diploma ilikuwa ya fani gani, msichanganye na mambo ya prinsipo.

Sasa nafasi. Kila kozi imeruhusiwa idadi ya wanafunzi, na idadi hiyo inatokana na walimu waliopo, maabara, madarasa. Kozi za afya na za kompyuta zinajaa mapema, nafasi zinazobaki zinatokana na watu walioacha au hawakuripoti. Kwa hivo hata kama sifa unazo zote unaweza ukaambiwa hapana na ikawa ni haki. Ila hapa ndo nilipokata nyota moja ya sheria. Ile fomu ina pahala pa kuandika sababu ya kuhama, watoto wanajaza ukurasa mzima, mwengine kaandika habari ya marehemu baba yake mpaka unataka kulia, na nilivouliza hakuna alieniambia ile sababu inatumika vipi. Kama nafasi ni mbili na wenye sifa ni kumi, nani anapewa? Aliewahi? Mwenye pointi nyingi? Mwenye sababu nzito? Iandikwe tu. Mie ningesema pointi kwanza halafu sababu, wengine watasema vyengine, lakini iandikwe ili mtoto akikosa ajue kakosa kwa lipi.

Hayo ni ya sheria. Huduma sasa.

Tangazo la kufunguliwa dirisha la kuhama, yani ule muda wa kuomba, lilibandikwa ubaoni na kupita kwenye grupu moja la wasap la mwaka wa kwanza. Ubao uko upande wa pili kabisa wa jengo. Kwenye orientesheni walizungumzia mavazi, maktaba, bima, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, kuhama kozi halikutajwa kabisa. Na watoto wengi wa Pemba wiki ya mwanzo bado hawajatulia, mwengine yuko kwa shangazi yake Kwerekwe anatafuta chumba, mwengine hana bando, mwengine hajaingizwa kwenye hilo grupu maana namba yake imeandikwa vibaya. Wanakuja kujua dirisha limebakia siku mbili lifungwe, na fomu inataka saini ya idara unayotoka na idara unayokwenda na kitivo na ofisi ya udahili, na hao wakubwa hawakai pahala pamoja. Mdogo wangu alijua kwa sababu mie nilimwambia toka yuko Wete, ulizia hilo siku ya kwanza. Asiekuwa na dada wa kumwambia je?

Fomu yenyewe ni Kiingereza chote, na maneno yake ni ya kisheria. Hawa ni watu wa chuo najua, lakini wametoka skuli juzi tu. Karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili ingeondoa foleni nusu.

Kwenye dirisha la ofisi kijana wa kwanza alitwambia "dada, hilo si letu, nendeni idarani." Idarani wakasema anzeni udahili. Tukarudi, yule kijana yuko kwenye simu. Sisemi ni mtu mbaya, sauti yake ya upole tu, tatizo hajui, na hajapewa karatasi ya kumuonesha nani anaanza nani anamaliza, anakisia kama sisi. Kumsubiri mkuu wa idara asaini ndo palipokula muda mkubwa, unakuja asubuhi unaambiwa yuko kikaoni, unakuja mchana kashaondoka, na nauli za gari kwenda na kurudi mtu analipa mfukoni mwake.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa ofisi ya udahili, mtu mzima, na hizo nyota mbili za madirisha zote ni zake. Tulimuamkia, akamwambia mdogo wangu "mwanangu kaa, nipe hivyo vyeti." Akaufungua mwongozo kwenye kompyuta, akaigeuza skrini tuione, akamuonesha mstari wa kozi na akampitisha somo moja baada ya jengine. "Umeona? Hapa unaingia. Sasa tuangalie kiti kama kipo." Akamwambia pia kitu ambacho hakuna mwengine alietwambia, asiache kwenda darasa la Uhasibu mpaka barua itoke. Maana kuna watoto wanajaza fomu na siku ile ile wanahamia darasa jipya, ombi likikataliwa kwao hawana mahudhurio wala koswek (alama za testi na kazi za muhula), na huko walikohamia hawajulikani. Na ukikubaliwa, nenda mwenyewe kwa walimu wa masomo mapya na barua mkononi uwaulize testi zilizopita inakuwaje, usisubiri waje wakuulize. Mama yule Mungu ampe umri. Angekuwa yeye ndo wa dirisha la mwanzo nisingeandika nusu ya haya.

Mkopo nauzungumza kwa urefu kidogo maana hapa pana hatari na chuo hakikutwambia neno. Watoto wetu wengine wana mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya hapa Zanzibar, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011, wengine wamepata ule wa HESLB wa Muungano. Bodi yoyote iwe, wao wamekupa mkopo wewe pamoja na kozi yako na chuo chako. Ada za kozi hazifanani, muda wa kozi haufanani, na vipaumbele vya fani navyo havifanani. Ukibadilisha kozi na bodi haina habari, pesa inaweza kutoka kwa jina la kozi ya zamani, au jina lako likakosekana kwenye orodha ya kusaini, na bumu, yani pesa ya kujikimu, likikwama mtoto ndo chakula na chumba vimekwama. Kwa hivo siku barua ya kukubaliwa inatoka, kopi moja inakwenda ofisi ya mikopo ya chuo na uhakikishe imesajiliwa, usiridhike na "tutawapelekea." Na kabla hujaomba kuhama uliza kwanza kozi mpya ada yake kiasi gani, kama imezidi na mkopo wako ni wa asilimia fulani tu, ile nyongeza nani anailipa. Sie tuliuliza, ikaonekana kuna tafauti kidogo, tukakaa na baba kwenye simu tukakubaliana kabla hatujasaini chochote. Namba ya malipo nayo ibadilishwe, usilipie ya kozi ya zamani halafu ukaanza kazi ya kudai kuhamishiwa pesa.

Waliofika mwaka wa pili wakataka kuhama, hadithi yao ni nyengine. Hapo linakuja suala la kredit. Kredit moja ni masaa 10 ya kazi ya mwanafunzi, pamoja na kusoma kwake mwenyewe, mwaka mmoja ni kredit 120 na digrii ya miaka mitatu ni 360. Unachoweza kuondoka nacho ni yale masomo yanayofanana na ya kozi mpya, sio mwaka mzima mzima. Ukitoka Uhasibu kwenda Biashara utaokoa mengi, ukitoka Uhasibu kwenda kompyuta utaokoa labda lile la stadi za mawasiliano na vitu kama hivo. Wengi wanajikuta wanaanza mwaka wa kwanza upya, na mkopo haukuongezei mwaka kwa sababu hiyo peke yake. Kama umo kwenye hali hii, piga hesabu kwanza.

Kutoka chuo kimoja kwenda chuo chengine nako kunawezekana, kanuni ni zile zile ila sasa unahitaji vyuo viwili vikubali, na hicho unachokwenda ndo chenye kauli ya nafasi. Nimeona mtu kahangaika na hilo akiwa chuo cha Tunguu huku Unguja anataka cha Dar, sikumfuatilia mpaka mwisho.

Na kwa ambao bado hawajaripoti, ndugu zangu, mlango mwepesi zaidi upo kabla ya yote haya. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unatumiwa kodi, yani namba maalumu, ya kuthibitisha, na ukithibitisha ndo umechagua. Usithibitishe kozi huitaki kwa kuogopa kukosa ukajiambia ntahama mbele ya safari, angalia kwanza raundi nyengine ya udahili imebakia au la, linganisha, uliza.

Chuo kile naomba mambo matatu tu, na najua watu wao wanasoma humu: litangazeni dirisha siku ya orientesheni kwa mdomo na kwa Kiswahili, bandikeni kozi zenye nafasi na idadi ya nafasi kabla watoto hawajaanza kusotea saini, na anaekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Mnaokuja kutoka Pemba mwakani, chukueni vyeti halisi vya fom foo na matokeo ya fom six, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, mtoe kopi za kutosha huko huko Chake au Wete, huku karibu na chuo wiki ile steshenari zinajaa na umeme ukikatika mnasubiri wote. Mwongozo wa TCU udaunlodini simuni mapema, mtafute ukurasa wa chuo chenu, mpige picha mstari wa kozi mnayoitaka, na mkifika dirishani muoneshe hiyo picha kabla hamjaulizwa.